Namna ya kuiaga nyumba kabla ya kuhamia mbali

Kila anayepata viza hunitafuta, na maswali ni yale yale. "Dada, nina wiki tatu niondoke, hii nyumba naiagaje?" "Nibebe udongo kidogo?" "Watoto niwaambie lini?" "Na nyumba ya kupanga inaagwa?" Nimewajibu wengi kwa sauti za WhatsApp mpaka koo limekauka. Leo naandika mara moja, atakayeuliza nitamtumia hii.

Mifano mingi humu ni ya Tanga, maana nyumba niliyoiaga mimi iko Ngamiani, kwenye zile barabara za namba. Ni nyumba ya Kiswahili: vyumba sita, ukumbi uliopita katikati kutoka mlango wa mbele mpaka uwani, baraza mbele, jiko na choo nyuma, na mwarobaini mmoja. Nimeiaga mara mbili. Mara ya kwanza, mwaka 2011 nikienda Winnipeg, Kanada, niliharibu. Nilifungasha siku tatu usiku na mchana, nikakumbuka kuaga asubuhi ya basi, nikasimama ukumbini nikakuta makatoni na mikeka iliyokunjwa. Ile haikuwa nyumba tena, ilikuwa stoo. Kwa miaka miwili nikawa naota natafuta swichi ya taa ya ukumbini gizani, napapasa ukuta siipati. Mara ya pili ilikuwa 2019, mama alipohamia kwa kaka Dar es Salaam na nyumba ikabidi ipangishwe. Nilirudi wiki tatu, nikafanya kwa mpangilio. Ndio huu.

Ukiwa na haraka na huwezi kusoma yote, shika hili: nyumba inaagwa ikiwa bado imevaa. Pazia liwe dirishani, sufuria liwe jikoni, viatu viwe mlangoni. Ukishaivua nguo zote ukaziweka kwenye mabegi, umechelewa.

Na ndiyo, nyumba ya kupanga inaagwa. Chumba kimoja cha kupanga kinaagwa. Nyumba haijui hati ina jina la nani.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Siku 14 kabla ya safari. Ukiwa na chache zaidi, soma sehemu ya mwisho.
- Daftari la mistari na penseli.
- Mkanda wa kupimia, ule wa fundi cherehani au wa fundi seremala.
- Simu yenye nafasi ya GB 10 hivi, na flashi mbili.
- Karatasi za khaki, zile za kufungia madaftari ya shule, na gundi ya karatasi.
- Pesa ya kahawa, kashata na maandazi. Usiidharau bajeti hii, wageni watakuja.
- Mtu mmoja anayeijua nyumba kuliko wewe: mama, bibi, shangazi, kaka mkubwa. Kama wote wametangulia mbele ya haki, mtafute jirani wa siku nyingi.

Hatua ya 1: Weka siku mbili, usiweke moja

Kuna siku ya safari na kuna siku ya kuaga, na zisikaribiane. Siku ya kuaga iwe siku kumi kabla, hata saba. Iandike kwenye kalenda ya ukutani ili nyumba nzima ijue. Mabegi yasishuke juu ya kabati kabla ya siku hiyo kupita.

Kosa la kawaida: "Nitaaga nikimaliza kufungasha." Sijamwona bado mtu aliyemaliza kufungasha. Kinachokwisha ni muda.

Hatua ya 2: Chora nyumba kwa miguu yako

Anzia barazani, ingia, pita chumba kwa chumba mpaka ukuta wa nyuma wa uwani, ukichora. Pima upana wa mlango wa mbele, urefu wa ukumbi, kimo cha dirisha kutoka sakafuni. Si lazima mchoro upendeze. Wangu unafanana na kitunga kilichokaliwa, lakini una vipimo, na binti yangu aliyezaliwa huku ameshaujenga kwa maboksi ya viatu.

Mchoro ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, ambayo ndiyo yenyewe, ni kuandika tabia za nyumba. Kila nyumba ina vituko vyake ambavyo wakazi wamevizoea mpaka hawavioni. Baadhi ya niliyoandika mimi:

Mlango wa uwani haufungi mpaka uunyanyue kwa bega. Bati juu ya chumba cha bibi linavuja wakati wa kusi tu, upepo wa kaskazi mvua hata iwe kubwa halitoi tone. Bomba la uwani hukoroma mara mbili kabla ya maji kutoka, likikoroma mara tatu maji hayaji. Chumba cha tatu kina ubaridi saa nane mchana, kwa hiyo ndicho walichokuwa wakilazwa wagonjwa. Sakafu ya ukumbi ina bonde dogo mbele ya mlango wa chumba cha baba, ukimwaga maji popote yanakwenda kulala hapo. Na swichi ya ukumbini iko nyuma ya mlango, chini sana, usawa wa kiuno, kwa sababu fundi aliyeifunga alikuwa mfupi. Au ndivyo baba alivyotuambia.

Sasa ndipo anapoingia yule mtu wa pili. Mpe mkono, tembea naye, nyamaza. Usimuulize "unakumbuka nini?" Muulize vitu vyenyewe: hapa palikuwa na nini kabla ya hili kabati? Nani alilala chumba hiki? Mama, aliyekuwa amekataa katakata kwamba ana la kusema, alifika kwenye pembe ya jiko akainama, akagusa jiwe moja la figa lililobaki, akasema, "Hapa ulikula mkaa. Nimegeuka kukoroga uji, nikirudi mdomo mweusi, unacheka." Miaka arobaini sikuwahi kulisikia hilo. Andika papo hapo, kwa maneno yake, usirekebishe.

Kosa la kawaida: kuandika hisia. "Nyumba hii ilikuwa na upendo mwingi" haitakusaidia kitu ukiwa mbali. "Likikoroma mara tatu maji hayaji" itakurudisha uwani mara moja. Halafu orodha ya tabia ina kazi ya pili: nakala yake nilimwachia mpangaji, na simu yake ya kwanza kwangu ilikuwa ya kushukuru kuhusu ule mlango.

Hatua ya 3: Rekodi sauti kabla ya picha

Picha kila mtu anapiga. Sauti watu wanazisahau, na ndizo zinazopotea kwanza kichwani.

Tenga siku moja. Weka simu kwenye hali ya ndege isije ikaita, ilaze juu ya kitambaa kilichokunjwa, bonyeza kinasa sauti, uondoke. Dakika tano kila mara:

Saa kumi na moja alfajiri, adhana na jogoo na yule jirani anayefagia kwa fagio la chelewa kabla watu hawajaamka. Saa mbili, watoto wakienda shule. Saa nne au tano, jikoni: mbuzi ikikuna nazi, kisu kwenye kitunguu, mafuta yakipokea kitunguu. Alasiri, barazani, watu wakibishana juu ya mpira. Magharibi, muuza kahawa akigonga vikombe vyake. Usiku, nyumba yenyewe: bati likipoa, panya wa darini, mbu. Bahati ikikuangukia, mvua.

Taja kila faili kwa saa na mahali, "jikoni saa nne", la sivyo utabaki na faili sita zenye namba tu.

Kosa la kawaida: kuongea. Nina rekodi moja tamu ya mvua juu ya bati, na katikati yake mimi mwenyewe napiga kelele, "Sikilizeni mvua!"

Hatua ya 4: Picha na video

Hapa nitapita haraka. Shika simu kwa upana, tembea polepole kuliko unavyodhani ni polepole, pitia njia ile ile uliyochorea. Piga pia vitu vya karibu: kitasa, komeo, ufa wa ngazi, alama ya moshi juu ya jiko, mahali rangi tatu za miaka tofauti zinapoonekana kwa pamoja pale palipobanduka.

Onyo moja: WhatsApp si ghala. Ukituma picha au video kwa njia ya kawaida inabanwa na kupunguzwa ubora. Ukitaka ifike nzima, itume kama hati. Hata hivyo nakala ziwe mbili kwenye flashi mbili, moja uende nayo, moja abaki nayo ndugu. Simu huibiwa uwanja wa ndege, nawaambia.

Hatua ya 5: Chukua alama za ukutani

Kama kuna miimo ya mlango yenye mistari ya penseli ya kimo cha watoto, usiipige picha tu. Gundisha karatasi ya khaki juu ya mwimo kuanzia sakafuni, sugua kwa ubavu wa penseli mikwaruzo itokee, kisha nakili mistari, majina na tarehe kwa kipimo kile kile. Ikunje kama mkeka mdogo. Ukifika uendako, ibandike ukutani kuanzia sakafuni, watoto waendelee kupimwa kutoka pale walipoachia.

Fanya hivi mapema. Mwenye nyumba, au ndugu mwenye nia njema, anaweza kupaka rangi wakati wewe uko benki.

Hatua ya 6: Lipa, rudisha, omba radhi

Hii ndiyo hatua ndefu na ndiyo watu wanayoikwepa. Nyumba si kuta peke yake, ni pamoja na waliokuwa wakiingia bila hodi.

Anza na madeni, kwa sababu ni mepesi. Nenda dukani, mwambie mwenye duka afungue daftari, lipa, mwombe akate mstari mbele yako. Pitia kwa fundi cherehani kama una kitambaa ulichosahau. Tafuta vyombo vya watu ndani ya nyumba yako. Mimi nilikuta sinia mbili, chano kimoja na kinu ambacho si chetu, kimekaa uwani tangu arusi ya dada. Rudisha, na usirudishe kitupu. Hata vitumbua vitatu juu ya sinia vinatosha.

Kisha radhi. Mpangilio wangu: wazee kwanza, halafu majirani wa ukuta kwa ukuta, mwisho wale mliokosana. Wazee nenda asubuhi, ukae chini, usiwaage umesimama mlangoni kama mtu wa sensa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nasikia unatukimbia."

"Siwakimbii bibi, naitafuta riziki. Nimekuja kuaga na kuomba radhi zako. Nilipokukosea kwa kujua na kwa kutojua, unisamehe."

"Nimekusamehe, na wewe unisamehe. Nenda, Mungu akufungulie."

Maneno ni hayo tu, hayahitaji kupambwa. Akikupa dua, itikia amina ukae dakika mbili zaidi. Akikupa shilingi mia tano ya njiani, pokea kwa mikono miwili. Usimwambie uendako shilingi haitumiki.

Kwa mliyekosana naye, onyo kubwa: usiifufue kesi. Sisi na nyumba ya pili tulikosana juu ya maji ya mvua, bati letu lilikuwa linamwaga upande wao. Nilikwenda nimejiandaa kueleza kwamba mfereji wa bati uliwekwa na baba mwaka fulani na fundi fulani. Shangazi akanizuia mlangoni: "Unakwenda kuaga au unakwenda mahakamani?" Nikasema yale maneno ya radhi tu. Yule mama alinitazama kwa muda, akaingia ndani, akatoka na chupa ya achari ya ndimu. Bado sikuipenda ile kesi ilivyokwisha, lakini nilikula achari.

Kosa la kawaida: kutuma ujumbe mmoja wa "naomba radhi kwa wote" kwenye kundi la mtaa. Hiyo ni taarifa, na radhi hailetwi kama taarifa ya maji kukatika.

Kama una wazee waliolala makaburini, nenda ukawazuru wiki hiyo hiyo, ung'oe majani, usome unachokisoma kwa dini yako. Usiiache kwa siku ya mwisho, siku ya mwisho haina nafasi ya kaburi.

Hatua ya 7: Pikeni chakula kimoja, kwa vyombo vya nyumba

Siku ya kuaga ndiyo hii. Msiagize chakula, msikodi viti. Kitu ambacho nyumba hiyo imekizoea. Kwetu ilikuwa bada na samaki wa kupaka, na mtu wa Tanga ataelewa kwa nini haikuwa pilau. Pilau ni ya sherehe. Bada ni ugali wa muhogo, ni chakula cha Jumanne, na nyumba imeishi Jumanne nyingi kuliko sherehe.

Kuleni mnapokula siku zote. Kama ni mkekani uwani, iwe mkekani uwani. Baada ya kula, kama desturi yenu ni kisomo, someni. Kama ni sala na wimbo, imbeni. Halafu acheni watu wakae. Hakuna hotuba. Akianza mtu hotuba, mpe mtoto amshike.

Hatua ya 8: Gawa kwa majina, kisha chagua vitatu

Kesho yake sasa, gawa. Andika jina la anayepewa kwenye kikaratasi, bandika chini ya kitu, na uandike pia daftarini. Bila daftari utawapa watu wawili kabati moja, na ugomvi wa kabati hudumu kuliko kabati. Mwenye kupewa achukue ndani ya siku tatu.

Kisha chagua vitu vitatu vya kubeba kutoka nyumbani. Nasema vitatu kwa sababu tiketi nyingi za kwenda Marekani Kaskazini zinatoa mabegi mawili ya kilo 23 (soma yako, mashirika hayafanani), na utahitaji nguo. Kiwe kitu cha kutumika. Pambo litaishia kwenye droo. Mimi nilibeba mbuzi ya nazi, kanga mbili za kisutu za mama, na komeo la zamani la dirisha. Mbuzi ina chuma chenye meno, kwa hiyo iende kwenye begi la kukabidhi, ukiiweka kwenye mkoba wa mkononi utaiachia kwenye ukaguzi. Isugue isiwe na mabaki ya nazi wala udongo.

Sasa lile swali la udongo. Usibebe. Najua bibi zetu walifunga udongo kwenye pindo la kanga, lakini Marekani, Kanada, Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu msafiri wa kawaida kuingiza udongo, kwa sababu unabeba wadudu na magonjwa ya mimea. Utanyang'anywa, na ukiwa umeficha unaweza kutozwa faini siku yako ya kwanza ugenini. Mbegu na vipande vya mti nazo zinataka cheti cha afya ya mimea. Matumbawe ya pwani yamo kwenye mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, yaache baharini. Ukitaka kitu cha ardhini, chukua kokoto moja laini, ichemshe, ikaushe, na ukiulizwa uioneshe.

Hatua ya 9: Karatasi na anayebaki na funguo

Kama nyumba ni yenu, usiondoke kwa "kaka ataangalia". Mpe kaka karatasi iliyotengenezwa na wakili inayomruhusu kusimamia nyumba kwa niaba yako, iseme anaruhusiwa kufanya nini na nini haruhusiwi, hasa kuuza. Mpeleke kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa umtambulishe. Hati ya nyumba isibaki kabatini mwa nyumba inayopangishwa.

Kwa Tanzania, kumbuka tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, ule umeme wa kulipia kabla. Maana yake mpangaji akinunua umeme, anakulipia wewe kodi yako. Kubalianeni mapema iwe inapunguzwa kwenye pango, la sivyo ni ugomvi wa kila mwezi. Kodi ya pango la ardhi ni kitu kingine, hulipwa kila mwaka na mwenye hati. Piga picha mita ya umeme na ya maji siku ya kukabidhi, namba zionekane.

Kama ulikuwa mpangaji, kabidhi mbele ya shahidi, chumba kwa chumba, na amana yako uidai kabla hujatoa funguo.

Hatua ya 10: Siku yenyewe

Fupi. Ulishaaga, leo unaondoka tu. Pita mara moja kuzima na kufunga: maji, gesi, madirisha. Hati zote, pasipoti na ile flashi, viwe kwenye mkoba wa mkononi. Gusa mwimo wa mlango ukitoka, kama ilivyo desturi ya nyumba yenu, au usiguse. Asiyesafiri ndiye afunge mlango, siyo wewe; jambo hili dogo linapunguza mengi. Bibi yangu alikuwa hataki nyumba ifagiliwe mpaka msafiri awe amefika mbali, na msafiri akisahau kitu asirudi, aletewe. La nuksi silijui, ila la kutorudi nalikubali, kila anayerudi kwa ajili ya chaja anaanza kulia upya.

Ikikwama

*Nina siku moja tu.* Acha yote, fanya hatua ya 2 kwa saa mbili na hatua ya 6 kwa wazee watatu. Video ukiwa na nguvu.

*Nyumba inabomolewa au imeshauzwa.* Ongea na mnunuzi. Wengi hukubali kukupa mlango, dirisha au kitasa ukiomba kwa adabu kabla nyundo haijaanza. Usiende kuangalia ikibomolewa. Nimeshuhudia mzee mmoja akiangalia, na hakuna alichokipata pale zaidi ya vumbi.

*Mtoto anakataa kuondoka.* Mwambie mapema, siku ile mnayoweka kalenda, na mpe kazi ya kweli: awe mshika mkanda wa kupimia, au mwenye sauti ya saa mbili asubuhi. Usimwahidi "tutarudi Desemba" kama hujui.

*Mama anabaki na hataki kusikia neno kuaga.* Usimlazimishe. Mwambie unapima nyumba kwa ajili ya mpangaji au fundi bati. Atatembea nawe akikukosoa vipimo, na katikati ya kukukosoa atasema yote.

*Silii, naona kama sina moyo.* Machozi hayana ratiba. Yangu yalikuja miezi mitano baadaye, kwenye duka la vyakula Winnipeg, mbele ya rafu ya mihogo iliyopakwa nta, theluji nje. Beba leso.

*Nalia tangu hatua ya 1 na siwezi kuandika.* Mpe mwenzio daftari, wewe taja tu. Na anza kwa chumba usichokipenda sana. Stoo au choo vinafaa.

*Nimeshaondoka bila kuaga.* Hili ndilo ninaloulizwa zaidi, na wenye kuliuliza huuliza usiku. Chukua karatasi, chora nyumba kwa kumbukumbu, kuanzia barazani. Utakwama mahali, labda hukumbuki mlango wa stoo unafungukia wapi. Hapo ndipo umpigie simu ndugu aliye karibu na nyumba, aende kwa ruhusa ya wanaoishi humo, akuoneshe kwa video. Pitieni polepole, ujaze mchoro. Radhi za wazee ziombe kwa simu ya sauti, mmoja mmoja, kwa siku zao, asubuhi ya huko na si ya kwako. Mimi swichi yangu niliipata hivyo, 2013: mpwa wangu akaingiza mkono nyuma ya mlango, chini, usawa wa kiuno, taa ikawaka kwenye kioo cha simu. Ndoto ile haikurudi.

*Funguo niziache au nibebe?* Acha zote zinazofanya kazi, beba moja ya ziada, na umwambie anayebaki kwamba unayo. Mpangaji akibadilisha kitasa usikasirike, ndiye anayeishi humo. Wangu alikibadilisha mwezi wa pili, akanitumia picha ya kipya kuniuliza kama rangi inafaa.